Mawe Yasiyonyweshwa

Kiponda wa Kibarani alikuwa na namna yake ya kutema mate. Hakutema kwa hasira wala kwa ugoro. Alitema kando ya kitu alichokidharau, kwa utulivu, kama mtu anayeweka alama ya mpaka wa shamba. Katika miaka thelathini na minne ya uashi alikuwa ametema kando ya matofali ya saruji yaliyoanikwa siku moja, kando ya mafundi wanaopanda jukwaani na ndala, kando ya nyumba za Watamu zenye nguzo nene zisizobeba kitu, na mara moja, mwenye kiwanja akiwa papo hapo, kando ya ramani yenyewe. Mwenye kiwanja, Mwitaliano, alicheka. Kiponda hakucheka, kwa sababu ngazi iliyochorwa katika ramani ile ilipanda vizuri ikaishia ukutani, na ukuta haukuwa na mlango.

Kiitaliano alikijua cha jukwaani tu, maneno ya kunyoosha, kupunguza mwendo na kubomoa, na alishikilia kwamba mwenye maneno hayo matatu anaweza kujenga nchi yoyote. Kusoma alisoma kidogo. Kupima alipima kwa timazi, kwa kamba na kwa jicho, na jicho ndilo aliloliamini.

Mwaka huu alikuwa Mambrui, mmoja wa waashi kumi na mmoja kwenye kiwanja cha nyumba kumi na nne za kuuziwa watu wa mbali. Nyumba mbili zilikuwa zimekwisha. Kumi na mbili zilibaki, na hizo zilikuwa kazi ya miaka miwili.

Asubuhi moja Musyoka, msimamizi wa kiwanja, Mkamba mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, aliwakusanya katika banda la mabati walilokuwa wakilia chakula.

"Kampuni inasema tunajenga polepole," alisema. "Inawaletea mwalimu. Wiki mbili mtafundishwa. Mwishoni kila mwashi atajenga ukuta wa mtihani. Atakayepita ni fundi wa daraja la kwanza, anaendelea na nyumba kumi na mbili. Atakayeanguka atashika karai, awe msaidizi wa wenzake mpaka mtihani mwingine. Miezi mitatu."

"Na aliyekuwa fundi wewe ukiwa bado hujazaliwa?" Kiponda aliuliza.

"Huyo pia ana mikono miwili, mzee wangu. Atajenga kama wengine."

Watu walicheka. Kiponda akatema mate kando ya kiatu cha Musyoka, si karibu sana wala si mbali sana.

Asiyejua uashi wa pwani hawezi kuona ubaya wa karai. Ni bakuli la chuma tu la kubebea saruji. Lakini mwenye mwiko na mwenye karai ni watu wa tabaka mbili, na mpaka kati yao ni neno moja. Mwashi akihitaji jiwe husema, "Jiwe," bila kugeuza kichwa, na jiwe hufika mkononi mwake. Hainami kulichukua, hamtazami aliyelileta. Fundi anayejiokotea jiwe mwenyewe huonekana hana mtu. Kiponda alikuwa hajajiokotea jiwe kwa miaka ishirini na minane, na sasa watu waliokaa katika ofisi yenye kiyoyozi, ambako kila ukuta umekwisha kupakwa rangi, walikuwa wamepanga mtihani wa kumtoa upande mmoja wa neno hilo na kumpeleka upande wa pili.

Mwalimu alifika Jumatatu. Aliitwa Gerishom, kijana wa Vihiga wa miaka ishirini na tisa, mwenye koti la kung'aa ambalo halijawahi kukutana na vumbi na saa ya kusimamisha iliyoning'inia kifuani. Alisimama mbele ya wanaume ambao wengine walimzidi baba yake umri, akasema, "Sasa, wazee."

Kiponda, aliyekwisha kuiandaa marahaba yake, akaimeza.

Siku ya pili kijana alimfuata Kiponda asubuhi nzima, saa mkononi, akiandika. Baada ya chakula aliyaandika aliyoyaona kwa chaki kwenye ubao.

"Fundi huyu amekuwa kazini saa nne," alisema. "Mwiko umegusa jiwe kwa saa moja na dakika ishirini. Muda mwingine wote amengoja jiwe, amengoja saruji, ameenda kunywa maji, amesalimia watu. Na dakika thelathini na tano, sijui nizipe jina gani, ameutazama ukuta."

"Kuutazama ukuta ni kazi," alisema Kiponda.

"Kazi gani, mzee?"

"Ndiyo tofauti ya mimi na wewe. Wewe umeutazama mgongo wangu saa nne, na ukuta hukuuona."

Banda zima lilicheka, na Gerishom naye akacheka, jambo lililomuudhi Kiponda kuliko kama angekasirika. Mtu asiyejua kwamba ametukanwa haileti raha kumtukana.

Haki itendeke, si yote aliyoleta yalikuwa upuuzi. Alipiga misumari meza fupi za mbao, akaagiza mawe na saruji viwekwe juu yake, kimo cha kiuno, ili mwashi asiiname kila anapochota. Kiponda alisema meza ni za wauza samaki. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani, alivua viatu bila kuushika ukuta. Mgongo wake ulishukuru. Yeye hakushukuru.

Siku ya nne ndipo Gerishom alipokosea.

Mawe ya kiwanja kile yalikuwa ya matumbawe, yaliyokatwa kwenye machimbo ya bara kidogo ya pwani, meupe, mepesi, yenye vitundu kama mkate. Jiwe la namna hiyo lina kiu. Ukilipanga kavu hunyonya maji yote ya saruji kabla saruji haijashika, na kinachobaki kati ya jiwe na jiwe ni unga. Ndiyo maana kila kiwanja kati ya Kilifi na Mambrui kina pipa la maji na mtu wa kuyanywesha mawe kabla hayajapanda ukutani. Hapa mtu huyo alikuwa Kabibi, mama wa miaka kama arobaini, aliyekuwa amekoroga saruji na kunywesha mawe kwa miaka tisa bila mtu yeyote kumuuliza kama anajua kingine.

Gerishom alikuwa amejifunza kazi kwenye mawe meusi ya kwao, magumu, ambayo ukiyamwagia maji yanateleza tu na kukauka. Alimtazama Kabibi akizamisha mawe, akabonyeza saa yake, kisha akawaita watu wote.

"Hapa tunapoteza dakika arobaini kwa siku," alisema. "Na mtu mzima mmoja, na mapipa mawili ya maji. Jiwe ni jiwe. Kuanzia leo hakuna kulowesha. Huyu mama atasogeza mawe kwenye meza. Mtaona mwendo utakavyopanda."

Waashi kumi na mmoja walijua. Wasaidizi walijua. Mlinzi wa lango, aliyekuwa hajajenga hata banda la kuku, alijua. Kabibi akafungua kinywa, na Kiponda akamtazama kwa jicho ambalo watu wa rika lake hulitumia kuwafunga watoto midomo mbele ya wageni.

"Mwache mwalimu afundishe," alisema.

Kabibi akafunga kinywa.

Watu wa pwani wana adabu hiyo, kwamba mgeni hakosolewi mbele za watu. Ni adabu nzuri, imezuia aibu nyingi na pengine visu kadhaa. Lakini kama kila kitu kizuri, ina matumizi yake ya pili. Mtu anaweza kumstahi mgeni kwa kunyamaza, na anaweza pia kunyamaza ili amwone mgeni akienda moja kwa moja hadi kisimani. Kwa nje vinyamazo hivyo viwili hufanana kabisa. Kiponda alikivaa cha pili akakiita cha kwanza, na wengine kumi wakamfuata, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa tamu.

Jioni Kabibi alimfuata penye pipa, ambalo sasa lilikuwa limepinduliwa.

"Baba, yule kijana hajui."

"Ndiyo, hajui."

"Basi si aambiwe?"

"Amekuja kutufundisha sisi, na analipwa kwa hilo. Sisi tumfundishe yeye, tulipwe na nani?"

"Kuta zitaanguka."

"Za mazoezi tunazibomoa wenyewe kila jioni. Hakuna atakayeona kitu. Za mtihani tutazijenga Alhamisi ya wiki ijayo, na wakubwa watazikagua Jumatatu, zikiwa zimekaa juani siku tatu." Alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mimi nitachomoa jiwe mbele yao kwa vidole viwili. Kisha tuone nani ni wa daraja la kwanza."

Kabibi aliitazama ndoo yake. "Na wewe utajenga ukuta wa hovyo, baba? Kwa mikono yako?"

"Nitajenga kama nilivyofundishwa," alisema Kiponda, na jibu hilo lilimpendeza sana hata akalirudia njiani akienda chumbani kwake.

Iko methali ya mdharau mwiba, yule ambaye mguu wake huota tende. Kiponda aliijua tangu utotoni. Alikuwa akiwaambia wengine.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Gerishom alifunga daftari akakaa ukingoni mwa meza. Wiki mbili za jua la Mambrui zilikuwa zimemchubua pua, na koti lake sasa lilikuwa na rangi ya chokaa.

"Nimesema mengi," alisema. "Mimi si wa huku. Kama kuna mahali nimekosea, niambieni sasa, kabla wakubwa hawajaja."

Mtu mmoja alikohoa. Macho yote yalikwenda kwa Kiponda.

"Umefundisha vizuri, mwalimu," alisema Kiponda.

"Asante, mzee," alisema kijana, na uso wake ulionyesha kwamba ameamini.

Alhamisi kila mtu alipewa kamba, timazi, mawe arobaini na tano, msaidizi mmoja na saa tatu, ajenge ukuta wa safu sita. Musyoka alikuwa ametangaza kwamba hata msaidizi akitaka anaweza kujaribu, akidhani hakuna atakayetaka. Kabibi alitaka. Mwanamume mmoja aliuliza kama atajenga kwa mwiko wa kusongea ugali, akajibiwa na Kabibi kwamba huo pia mwanamume huyo hana habari ya kuushika, ndiyo maana amekonda hivyo.

Kiponda alianza kazi. Jambo la kwanza aliloliona, nalo hakulitegemea, ni kwamba mikono yake ilikataa. Alitandaza saruji, akaweka jiwe kavu, na akasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayevuta chai ya moto. Kwa kawaida baada ya hapo angeligonga jiwe kwa mpini, huku na huku, mpaka likae. Hili halikugongeka. Saruji chini yake ilikuwa imekwisha kukauka. Ilimbidi kila jiwe alilenge mara moja, na kwa kuwa alikuwa Kiponda alililenga barabara, safu baada ya safu, kamba haikuguswa. Ulikuwa ukuta mnyofu kupita zote alizowahi kujenga, na kila jiwe lililopanda lilikuwa uongo. Akamaliza kwa saa mbili na dakika ishirini. Gerishom alimshika mkono mbele ya watu.

Upande wa pili Kabibi alikuwa amesimamisha pipa lake akazamisha mawe.

"Unapoteza dakika, mama," Gerishom alimwambia.

"Nazipoteza zangu," alisema Kabibi.

Alichelewa kwa dakika arobaini na tano, na safu yake ya nne ilipinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Kiponda alipita akautazama, akatema mate kando yake. Ijumaa, Jumamosi, na hata Jumapili watu wa karibu na kiwanja walimwona mama yule akija na kidumu, akimwagia ukuta ule mmoja maji, kisha akienda zake. Kiponda hakumwona. Alikuwa Kibarani kwake, akikifanyia mazoezi kitendo chake kama bwana harusi anayeijaribu hotuba.

Mkaguzi aliyekuja Jumatatu aliitwa Everlyne, mhandisi wa ofisi ya Malindi, mwanamke mfupi mwenye buti zilizokanyaga zege nyingi. Alipita ukuta kwa ukuta akiwa na pimamaji na karatasi zake, Gerishom akimfuata. Penye ukuta wa Kiponda alisimama, akarudi nyuma, akautazama kwa muda. Kwa dakika kadhaa alifanya kazi ile ile ambayo Gerishom hakuipatia jina.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Kiponda. "Kabla hujaandika, mhandisi, niruhusu." Akaupeleka mkono kwenye safu ya juu, akashika jiwe la katikati kwa vidole, akalivuta. Lilitoka kama mtoto wa meza. Akalichomoa na la pili. Unga mkavu ukamwagika miguuni mwa wote watatu.

Hakuna aliyecheka. Uso wa Gerishom ulikuwa umepauka kama lile jiwe.

"Haya ndiyo mafunzo," alisema Kiponda. "Jiwe la matumbawe huliweki kavu. Mtoto wa miaka sita wa huku anajua."

"Mwalimu?" Everlyne aliuliza bila kugeuka.

"Niliwaambia wasiloweshe," alisema Gerishom. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikujua. Ni mimi."

Everlyne aliandika, kisha akamtazama Kiponda. "Wewe ulijua."

"Kila mtu wa pwani anajua."

"Simuulizi kila mtu."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliposema."

"Na ukajenga."

"Nilifuata mafunzo," alisema Kiponda, na lile jibu tamu, alipolitoa mbele ya mwanamke huyu, halikuwa na ladha.

"Alikuuliza kama amekosea?"

Jibu lilitolewa na Kabibi, kutoka nyuma. "Aliuliza, mhandisi. Jumatano."

"Mwalimu hakujua," alisema Everlyne. "Hilo ni kosa lake, nimeliandika. Atalirekebisha kwa jasho lake hapa hapa. Wewe ulijua, ukajenga ukuta mbovu kwa makusudi, tena kwa mikono mizuri. Asiyejua nitamfundisha. Lakini wewe nikikupa nyumba, nitajuaje siku utakayomkasirikia mtu mwingine?"

Akawageukia wale kumi, ambao kuta zao zilikuwa unga vilevile. Aliwauliza kama nao walijua. Mmoja alisema walidhani, mwingine alisema alisikia, wa tatu alisema wao walimfuata mzee. Hakuna aliyesema "nilijua." Wakapewa wiki moja warudie. Kiponda, aliyesema ukweli katika hayo yote kwa neno moja, akapewa miezi mitatu. Aliwatazama wale wenzake kumi, na mate yalimkauka kinywani.

Everlyne aliusukuma ukuta wa Kabibi kwa bega. Haukutikisika. Akaipima safu ya nne, akatikisa kichwa, akaandika daraja la pili, chini ya usimamizi.

Kiwanjani waliamini Kiponda hatarudi. Mlinzi wa lango alisema mzee kama yule ataenda kulima. Lakini nyumba kumi na mbili ni nyumba kumi na mbili, na viwanja vyote kutoka Kilifi hadi Malindi vina masikio, hakuna ambako angekwenda bila habari yake kumtangulia. Jumanne saa moja asubuhi alipita langoni, mwiko ukiwa umefungwa katika gunia, na Musyoka, aliyekuwa na busara ya kutosema lolote, akamwonyesha kazi iliyokuwa imebaki bila mtu. Lilikuwa pipa.

Akazamisha mawe. Yalitoa povu, yakatulia, akayatoa, akazamisha mengine. Gerishom alikuja na daftari. Tangu asubuhi alikuwa akibomoa kuta za mtihani kwa nyundo, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Mzee, jiwe linakaa majini dakika ngapi?"

"Dakika sizijui."

"Sasa nitaandika nini?"

Kiponda alikuwa na majibu manne tayari, yote makali. Alilitazama jiwe lililokuwa ndani ya pipa.

"Likitoa povu, bado lina kiu. Povu likikoma, litoe. Jua likiwa kali, uliweke kivulini lisikauke tena kabla ya kupanda."

Gerishom aliandika yote, polepole. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Na hayo usingeweza kuniambia wiki ile?"

"Hukuniamkia."

Kijana alisimama na kalamu hewani. Mtu angeweza kudhani ni mzaha, lakini Kiponda hakuwa na uso wa mzaha. Wiki mbili, kuta kumi na moja na daraja la mtu mzima vilikuwa vimeliwa na neno moja ambalo mtoto yeyote wa Mambrui hulitoa bure akienda dukani.

"Shikamoo," alisema Gerishom.

Kiponda alilitoa jiwe lake kwanza, akaliweka juu ya meza ya wauza samaki, akafuta mikono.

"Marahaba."

Juu ya msingi wa nyumba ya tatu Kabibi alikuwa ametandaza saruji, na saruji haingoji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa nyuma, kiganja wazi.

"Jiwe," alisema, bila kugeuza kichwa.

Kiponda alitazama huku na huku kama kulikuwa na mtu mwingine karibu. Kisha akalibeba, likimdondoshea maji viatuni, akalipeleka.